Tumbo la Jumapili Jioni

Nyumbani kwa kaka yangu, Ngamiani, Tanga, tumbo la Zena lilikuwa likianza kuuma Jumapili baada ya Magharibi. Zena si jina lake; nimempa hilo kwa kuwa sasa ni binti mkubwa, na habari hizi ni zake kabla ya kuwa zangu. Wakati huo alikuwa na miaka 8, yuko darasa la pili. Mchana kutwa alikuwa mzima: anakula wali wake, anacheza rede uchochoroni, anagombana na mdogo wake kama kawaida. Jua likishazama anajikunja mkekani ameshika kitovu. Alfajiri anatapika. Sare ikishaanuliwa kambani analia mpaka sauti inamkauka, na baba yake akisema basi, leo abaki, haipiti saa moja rangi imemrudia na anaulizia vitumbua.

Tulimpeleka hospitali kama mtoto yeyote anavyopelekwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Choo kilikuwa safi, akapewa dawa ya minyoo hata hivyo. Zahanati moja ikasema taifodi, akachomwa sindano. Nyingine ikasema ni maambukizi ya mkojo, akapewa vidonge. Jumapili iliyofuata tumbo likauma saa zake zilezile. Mimi nimefundisha shule za msingi tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na kilichonigutusha ni kalenda. Ijumaa tumbo haliumi. Sikukuu haliumi. Likizo yote ya Juni halikuuma hata siku moja.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Anadeka, walisema wengine, kwa kuwa ni binti wa kwanza. Mvivu wa kusoma, walisema wengine. Jirani mmoja alimshika wifi yangu mkono na kumwambia mtoto ana kitu kimemkalia, atafutiwe mtu. Kaka yangu akampeleka kwa shehe wa chuo cha Kurani, mzee ninayemheshimu mno. Mzee akamsomea, kisha akamwita kaka pembeni. "Nimemsomea, na nitaendelea kumwombea dua," akasema. "Lakini mwanao anaogopa. Watafuteni wanaojua tiba ya hofu." Sauti ile ya mzee ndiyo iliyotutoa Tanga kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa afya ya akili ya watoto. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani watu wa dini wanazuia wagonjwa wasifike hospitali. Kwetu shehe ndiye aliyetusukuma tukafika.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na hakuwa na haraka. Hakumuuliza Zena kwa nini hataki shule. Alimpa karatasi na kalamu za rangi, akamwambia, "Mwalimu anapofundisha na wewe umekaa darasani, kichwani mwako kuna picha gani? Hebu nichoree." Zena akachora kitanda, na pembeni ya kitanda gari jeupe. Wifi yangu alipoliona lile gari akaanza kulia.

Miezi michache kabla, wifi alizidiwa usiku, akachukuliwa na gari la wagonjwa kwenda kufanyiwa upasuaji. Zena alikuwa amelala. Alisikia kishindo, akachungulia dirishani, akaliona gari likiondoka. Asubuhi wakubwa walimwambia mama kasafiri, kaenda Korogwe kumwona bibi. Walisema hivyo kwa huruma, ndivyo nyumba nyingi zinavyofanya. Lakini bombani Zena alimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Yule sijui kama atarudi." Mama alirudi, ana kidonda tumboni, na hakuna aliyemkalisha mtoto kumweleza kilichotokea. Katika umri ule, mtoto huwa ameshaelewa kwamba aliyekufa harudi. Zena akabaki na hesabu yake mwenyewe: mama huondoka mtu akiwa amelala, au akiwa hayupo. Kwa hiyo akaacha kulala peke yake. Akaacha kwenda chuoni. Akawa anamfuata mama yake hata mlangoni mwa bafu. Na kila asubuhi, mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuvumilia, akauliza: "Mama, nikirudi utakuwepo?"

Shule haikumtisha. Kilichomtisha ni kuwa mbali na mama kwa saa sita.

Daktari alituambia hii ni aina mojawapo ya magonjwa ya wasiwasi ya watoto, ile ya hofu ya kutengana, na kwamba ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayowapata watoto kwa wingi zaidi duniani. Akaongeza jambo ambalo wifi alilihitaji sana: maumivu ya tumbo ni ya kweli. Mtoto hadanganyi. Hofu inapowaka, ubongo unatoa amri, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli ili mtu aweze kukimbia, na tumbo linaachwa lijitegemee. Mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, aliliona jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa akiwatazama paka kwa eksirei: paka akitulia, tumbo linasaga chakula; paka akisumbuliwa, mwendo wa tumbo unasimama. Mtu anayemwambia mtoto wa namna hii "huumwi wewe, unajifanya" anamwambia uongo, na mtoto anajua kuwa ni uongo, kwa sababu tumbo ni lake.

Hofu yenyewe haina ubaya. Mtoto wa miezi 8 akimlilia mgeni, amekua vizuri. Wa miaka 2 atamng'ang'ania mama yake. Wa miaka 4 ataogopa giza na mazimwi ya hadithi. Wa darasa la sita ataanza kuogopa kuchekwa. Mambo haya huja na kupita. Daktari anaanza kuita ugonjwa pale hofu inapokuwa kubwa kuliko umri, inapokaa bila kuondoka, na inapomnyima mtoto usingizi, masomo na michezo. Kwa hofu ya kutengana, mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi unataka dalili ziwe zimedumu kwa mtoto angalau wiki 4. Kwa Zena wiki hizo zilikuwa zimepita zamani.

Nikiwa pale nimekaa kwenye kiti cha wageni niliwakumbuka wanafunzi wangu wa miaka mingi. Nilimkumbuka mvulana mmoja wa Pangani ambaye hakuwahi kutamka neno darasani mwangu, wala "nipo" wakati wa kuita majina, ilhali mama yake aliapa kwamba nyumbani haachi kuzungumza. Watoto kama yeye tuliwaita wakaidi, na si sisi tu. Mwaka 1877 daktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul aliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo kuwa wamenyamaza kwa hiari yao, na mtazamo huo ukadumu kwa vizazi. Ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani ulipouweka ukimya huo katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Koo la mtoto huyo linafungwa na hofu. Yuko pia mtoto anayejua jibu lakini anatetemeka akiambiwa asimame asome. Yuko anayefuta na kuandika upya mpaka daftari linatoboka. Yuko anayewaza ajali, vita, mafuriko, ada, ugonjwa wa bibi, yote kwa usiku mmoja. Wengi wao ni watoto wasio na kelele, na darasani mwenye watoto 90 mwalimu huwaona wenye kelele kwanza.

Kwa nini Zena na si mdogo wake, aliyelala chumba kilekile usiku ule? Daktari hakutoa jibu la mkato. Wapo watoto wanaozaliwa wepesi wa kushtuka; Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Harvard, aliwafuatilia watoto wa aina hiyo tangu wakiwa wachanga, akaona wengi wao wanakuwa wenye haya na tahadhari, ingawa si wote wanaougua. Urithi nao una sehemu yake. Tuliporudi Tanga na kumsimulia mama yetu, Bibi yake Zena, alinyamaza kidogo kisha akatuambia kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa hawezi kulala mpaka baba yake, mvuvi, arudi kutoka baharini, na kwamba hajawahi kumwambia mtu. Alikuwa na zaidi ya miaka 70 siku alipoyasema hayo.

Sasa tiba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakidhani hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri mtoto akue.

Daktari alituomba tuifuate hofu ya Zena asubuhi moja, hatua kwa hatua. Sare inatolewa, hofu inapanda. Analia, inapanda zaidi. Baba anasema abaki, inashuka papo hapo, na nyumba nzima inapumua. Katika kushuka kule ubongo wake unajifunza somo moja: nimesalimika kwa sababu sikwenda. Kesho hofu itaanza mapema zaidi, kwa kuwa jana ukwepaji ulifanya kazi. Na kumvuta kwa nguvu mpaka langoni huku analia kunamfundisha somo la pili lililo baya vilevile, kwamba hofu inakuja na aibu juu yake, na kwamba wakubwa hawamsikii. Mtoto anatakiwa akisogelee anachokiogopa kwa kiasi anachoweza kukimudu, akae hapo mpaka hofu ishuke yenyewe, aone kwamba imeshuka bila yeye kukimbia. Kisha asogee tena.

Njia hii ina umri wa karne moja. Mwaka 1924 mwanasaikolojia kijana wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, karibu wa miaka mitatu, aliyeogopa sungura mweupe, na si sungura tu, hata manyoya na pamba. Jones alianza kwa kumleta sungura chumbani akiwa ndani ya tundu, mbali, Peter akiwa anacheza na watoto wasioogopa. Tundu likasogezwa. Mambo yakaenda vizuri, kisha Peter akaugua homa nyekundu, akalazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka hospitalini mbwa mkubwa akamtisha. Hofu yote ikarudi. Jones akaanza upya, safari hii akimkaribisha sungura wakati Peter amekaa kitini anakula vitu anavyovipenda. Mwisho wake mtoto alikuwa anamwacha sungura amtafune vidole kwa upole. Nimeipenda habari hii kuliko nyingine zote nilizosoma baadaye, kwa sababu ya yule mbwa. Mzazi anayemtibu mtoto wake anapaswa kujua mapema kwamba mbwa atatokea.

Kwa Zena walitengeneza ngazi. Waliiandika pamoja, yeye na daktari, na Zena ndiye aliyepanga lipi gumu na lipi rahisi, akilipa kila jambo alama kutoka 0 hadi 10. Ngazi ya chini kabisa ilikuwa mama kwenda dukani kwa Mpemba na kurudi, Zena akiwa amebaki na Bibi. Juu yake, mama kwenda sokoni na kuchelewa kidogo. Halafu kulala kwenye kitanda chake mwenyewe, mlango wazi, taa ya ukumbini inawaka. Halafu mlango ukirudishwa nusu. Halafu chuoni, kwanza akisindikizwa mpaka barazani, baadaye mpaka pembe ya mtaa. Shule ilikuwa juu, nayo ikagawanywa: kwenda Jumamosi wakati hakuna watu na kukaa kwenye dawati lake; kwenda siku ya masomo mpaka kipindi cha pili; kukaa mpaka mapumziko; kukaa kutwa. Ni mimi niliyemsindikiza, kwa kuwa mimi nikiachana naye langoni si sawa na mama akiachana naye. Kila alipopanda alichagua zawadi ndogo: kuzungushwa kwa baiskeli mpaka Raskazone, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, kulala kwangu Ijumaa. Hiyo ya mwisho ilinifurahisha kuliko nyingine, maana ilikuwa yenyewe ni ngazi.

Alifundishwa pia kuyasikiliza mawazo yake. Wazo likija, "mama amechukuliwa na gari," ajiulize: nina ushahidi gani leo? Mara ya mwisho nilipowaza hivi, kilitokea nini? Alifundishwa kupumua taratibu, kutoa pumzi ndefu kuliko anayoivuta. Mambo haya kwa pamoja ndiyo tiba ya fikra na tabia. Kwa watoto wenye wasiwasi ilipimwa kwa utafiti rasmi na Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ambaye matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1994, na tangu hapo imerudiwa katika nchi nyingi. Lakini nitasema ninavyoamini baada ya kuiona ikifanya kazi: kupumua na kuwaza vizuri ni vya kumsaidia mtoto apande. Kinachoponya ni kupanda.

Na mzazi ana sehemu yake, kubwa kuliko tulivyotarajia. Wifi yangu, kwa mapenzi, alikuwa anajibu lile swali la asubuhi kila linapoulizwa. Alikuwa amelala mkekani kwa mtoto kwa miezi. Alikuwa ameacha kwenda kwenye arusi, kwenye misiba, hata kliniki yake ya kidonda. Daktari hakumlaumu hata kwa neno moja. Alimwambia: "Mama Zena, huruma yako ni dawa, ila tutaibadilisha kipimo." Wakakubaliana kwamba swali litajibiwa mara moja kila asubuhi, kwa sauti ya utulivu, na likirudiwa mama atasema maneno mawili tu: "Najua unaogopa, mwanangu. Na najua utaweza." Nusu ya kwanza inakiri hofu. Nusu ya pili inamkabidhi mtoto imani. Wazazi wengi tunasema nusu moja na kuiacha nyingine.

Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliliweka jambo hili kwenye mizani. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, watoto 124 wenye magonjwa ya wasiwasi waligawanywa: wengine wakatibiwa wao wenyewe kwa tiba ya fikra na tabia, wengine hawakuonwa na mtabibu kabisa, wazazi wao tu ndio waliofundishwa kumtia moyo mtoto na kuacha kidogo kidogo kuizungukia hofu yake. Matokeo ya kundi la wazazi hayakuwa duni kuliko ya kundi la watoto. Kwa mama wa kijijini ambaye nauli ya kumfikisha mtoto kwa mtaalamu kila wiki haipo, sijui habari njema kuliko hii.

Kabla ya yote, hata hivyo, Zena alidaiwa ukweli. Wifi alimkalisha, akamwonyesha kovu, akamweleza alivyougua, kwa nini gari lilikuja, madaktari walifanya nini, na kwa nini watu walisema Korogwe. Zena aliuliza maswali ambayo hakuna aliyedhani anayo. Aliuliza kama kidonda kilitokana na yeye kumpiga mama tumbo kwa bahati mbaya alipokuwa mdogo. Alikuwa amelibeba hilo miezi yote ile.

Kulikuwa na kizuizi kimoja ambacho kwangu mimi mwalimu ni kichungu kukisimulia. Shule aliyokuwa akisoma ilikuwa na mwalimu wa zamu aliyewachapa watoro mstarini, mbele ya wote, na Zena alishachapwa kwa siku zake za kukosa. Kanuni za nchi yetu zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi 4, tena kwa makosa mazito. Kenya waliipiga marufuku adhabu hii shuleni mwaka 2001. Nimeshika chaki muda mrefu, na nasema bila kuficha kwamba kumchapa mtoto mwenye ugonjwa wa wasiwasi ni kumchapa kwa sababu anaumwa, na kila fimbo inaongeza ngazi moja juu ya zile anazopaswa kupanda. Kaka yangu alikwenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari. Mwalimu mkuu aliisoma mpaka mwisho, akamwita mwalimu wa darasa, na kuanzia siku hiyo Zena akapewa ruhusa ya kufika akiwa amechelewa na kukaa karibu na dirisha bila kuulizwa. Barua moja ilitosha. Nawaza ni watoto wangapi hawana wa kuwaandikia.

Hofu ilirudi, kama kwa Peter. Muhula wa pili bibi mzaa mama alifariki, Korogwe kweli safari hii, na Zena akarudi mkekani kwa mama yake. Nyumba ikaingiwa na huzuni maradufu. Lakini ngazi ilikuwa bado ukutani, imeandikwa kwa mkono wake. Alianza tena kutoka chini, na alipanda haraka kuliko mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anaijua njia.

Watu wananiuliza kuhusu dawa. Zena hakuzihitaji, ila wapo wanaozihitaji, na hakuna aibu ndani yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto na vijana 488 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Waliopata tiba ya mazungumzo na dawa ya sertralini kwa pamoja, asilimia 81 walipata nafuu kubwa. Tiba ya mazungumzo peke yake asilimia 60. Dawa peke yake asilimia 55. Na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani asilimia 24. Dawa za kundi hili huandikwa na daktari anayejua, huanza kwa kipimo kidogo, na mtoto huangaliwa kwa karibu hasa wiki za mwanzo, kwa kuwa vijana wachache hupata mawazo ya kujidhuru. Kumnunulia mtoto vidonge vya usingizi dukani ili "atulie" ni jambo jingine kabisa, ni hatari, na tiba haimo humo.

Kinachoniuma ni uchache wa watabibu. Madaktari wa akili ya watoto Afrika Mashariki ni wachache mno, na wengi wako mijini. Hata hivyo tumeshajionyesha wenyewe kwamba kazi hii inaweza kushuka hadi mitaani. Huko Moshi na Bungoma, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi na kupata kiwewe walihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, na waliowapa tiba ya mazungumzo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na katika sehemu kubwa ya maeneo hayo watoto walioipata walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Kenya, Taasisi ya Shamiri imewatumia vijana waliomaliza sekondari juzijuzi kuwaongoza wanafunzi katika mazungumzo ya makundi. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2021 wenye wanafunzi 413, wiki 4 zilitosha kupunguza dalili za sonona na wasiwasi.

Mzazi mwenzangu, ukiona maumivu ya mwanao yanafuata siku za shule, na vipimo ni safi, na wiki zinapita, mwambie daktari hivyohivyo, kisha tamka: nadhani mwanangu ana hofu. Mwombe akuelekeze idara ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Usimfiche mtoto msiba wala ugonjwa wa nyumbani. Mweleze kwa lugha ya umri wake kabla hajaelezwa bombani.

Na kwenu walimu wakuu na wakubwa wa Wizara: shule nyingi zina walimu wa malezi na unasihi, wengi wao kwa jina tu. Nimewajua waliopewa kazi hiyo juu ya vipindi 30 kwa wiki, bila mafunzo, bila hata chumba cha kumkalisha mtoto anayelia. Wapunguzieni vipindi. Wapeni mafunzo, chumba chenye mlango unaofungika, na mamlaka ya kumwambia mwalimu wa zamu kwamba mtoto huyu leo asiguswe.